Motokaa na Utunzaji Wake: Mvumo wa Nyuma Baada ya Gari Kulala

Mitaa ya upande wa mashariki wa Nairobi haikujengwa kwa ajili ya motokaa. Kaloleni, Ziwani, Bahati, Mbotela, Makongeni na Jericho ilijengwa kwa watu waliokwenda kazini kwa miguu, kwa baisikeli au kwa basi. Hata leo gari kuukuu la mpangaji hulala nje, kati ya safu moja ya nyumba na nyingine, juu ya udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na wakati wa masika hushika maji kama beseni. Gari likiendeshwa kila siku, hapana neno. Likilala miezi mitatu bila kuguswa, ndipo mambo huanza.

Nchi za Ulaya hulaza magari yao ya kale kwa sababu ya theluji. Nairobi haina theluji, lakini ina sababu zake: mvua ndefu za Machi hata Mei, mwenyewe kwenda shambani, bei ya petroli, au ugonjwa. Mwaka 2020 watu wengi walipata sababu moja kwa pamoja. Tarehe 6 Aprili Serikali ilikataza watu kuingia Nairobi na kutoka, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na katazo hilo halikuondolewa hata mwanzoni mwa Julai. Magari mengi yaliyokuwa ya safari za nyumbani tu yalikaa chini ya turubai masika yote, yakaamshwa katika baridi ya Julai.

Wasomaji na wamfikirie mzee mmoja wa Jericho, karani aliyestaafu, mwenye Peugeot 404. Gari hilo ni la aina iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, na sifa yake katika Afrika ya Mashariki haikutoka kwa wauzaji, bali kwa matope. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Na katika miaka miwili kati ya hiyo, 1963 na 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Si ajabu basi kwamba mzee hakuliuza. Wakati wa katazo nduguye mkubwa alifariki huko Murang'a akazikwa yeye asiwepo. Barabara zilipofunguliwa alitaka kwenda kulitazama kaburi, kisha kumleta shemeji yake Nairobi kwa daktari. Gari liliwaka vizuri. Lakini lilipofika barabara ya Jogoo likapata mwendo, kulitoka nyuma mvumo mzito, vuuu, vuuu, ambao haukuwako mwezi wa Machi.

Kijana fundi wa kando ya barabara alisikiliza mara moja, akasema, "Mzee, difu imekwisha. Nipe pesa nikakutafutie nyingine Kirinyaga Road."

Difu, kwa wasioijua, ni lile kasha la giya lililo katikati ya ekseli ya nyuma, linaloupokea mzunguko wa injini na kuugawia magurudumu mawili. Ni kifaa cha bei, na kuibadili ni kazi ya siku nzima au zaidi. Na difu kuukuu iliyotolewa katika gari lililoharibika hainenei habari zake: haijulikani ilikwenda maili ngapi, wala kama ilikwenda na mafuta au bila mafuta. Mzee angeweza kutoa fedha ya pensheni, akafungiwa difu yenye kulia kuliko ile yake, na mvumo wa kwanza ukabaki palepale. Jambo hilo hutokea mara nyingi, kwa sababu ekseli ya nyuma ni kama ngoma tupu: sauti ikizaliwa kwenye gurudumu la kushoto, huenda ikasikika kana kwamba imetoka katikati.

Yafaa kwanza kufahamu gari lililolala hupatwa na nini. Linapotembea, giya za difu huchota mafuta na kuyarusha juu, zikalowanisha meno yote na beringi zote. Likisimama, mafuta huteremka chini polepole. Baada ya majuma kadhaa meno ya juu na vigololi vya juu hubaki vikavu au vyenye utando mwembamba tu. Tena kasha la ekseli hupumua. Lina kitundu kidogo juu yake cha kutolea hewa: jua likipasha chuma, hewa hutoka, usiku wa Julai, joto linaposhuka hata karibu nyuzi 12, hewa huvutwa ndani pamoja na unyevu wake, na unyevu huo hugeuka matone juu ya chuma baridi. Turubai lililofunikwa hata likagusa chini huzidisha jambo hilo, maana mvuke wa udongo haupati pa kutokea. Wengi hufunika gari lao hivyo kwa mapenzi, kumbe wanalipikia kutu.

Kutu hiyo hupenda mahali pamoja hasa: pale kigololi cha beringi kinapogusana na pete yake. Kigololi kikisimama mahali pamoja miezi mitatu, penye unyevu, huacha alama ndogo, kishimo kisichoonekana vizuri kwa macho. Gari likiamka, vigololi hupita juu ya vishimo hivyo mara nyingi katika kila mzunguko, na hapo ndipo mvumo huzaliwa. Giya za difu zina meno mapana na mafuta mengi. Kwa kawaida miezi mitatu ya kulala haitoshi kuzimaliza. Kwa hiyo gari ambalo halikulia kabla ya kulala, nalo likalia baada ya kuamka, mshtakiwa wa kwanza si difu. Wa kwanza ni tairi, wa pili breki, wa tatu beringi ya gurudumu. Difu ni ya nne, na ndiyo ya bei kubwa kuliko zote.

Mzee hakutoa fedha siku ile. Alimwita fundi wa makamo kutoka Kariobangi, mtu wa maneno machache, naye alisema, "Mzee, kabla hujatoa hata shilingi, twende nalo barabarani kwanza. Tena si leo. Jumapili alfajiri, watoto wakiwa bado wamelala."

Neno hilo la watoto si dogo. Majaribio ya sauti hayafanywi ndani ya mitaa ambako mpira wa makaratasi hutokea kati ya nyumba bila taarifa, na mtoto nyuma yake. Yafanywe katika barabara pana, iliyo tupu, yenye lami nzuri, na madirisha yafungwe nusu. Mtu mmoja aendeshe, wa pili akae kiti cha nyuma asikilize. Mwenye kuendesha hapaswi kusikiliza na kuendesha pamoja.

Kabla ya kuondoka fundi alipima upepo wa tairi. Mbili za nyuma zilikuwa zimepungua sana. Alizijaza zote, kisha wakaenda kilomita kama kumi ili mpira upate joto. Tairi lililosimama muda mrefu hupata ubapa upande wa chini, na ubapa huo hupiga dungu-dungu kwa kufuata mzunguko wa gurudumu. Ukiwa mdogo, huisha tairi likipata moto. Usipoisha, dawa ni kuhamisha matairi ya nyuma mbele: sauti ikihama nayo, neno limekwisha, na difu haina kosa. Kuna njia nyingine nyepesi zaidi. Sauti ya tairi hubadilika barabara inapobadilika, kutoka lami laini kuingia lami ya kokoto au murami. Sauti ya chuma ndani ya ekseli haibadiliki, ingawa huenda ikafunikwa. Katika gari la mzee dungu-dungu ilikuwako, nayo ilipungua. Lakini vuuu ilibaki.

Kisha fundi alisimamisha gari akagusa ngoma za breki kwa nyuma ya mkono, taratibu, bila kushika. Upande wa kulia ulikuwa na joto kidogo, wa kushoto ulikuwa moto. Breki ya mkono ikiachwa imevutwa masika yote, viatu vya breki hugandamana na ngoma kwa kutu; vikibanduka, hubaki vikikwaruza kila mzunguko. Sauti yake ni ya kukwangua, nayo hubadilika dereva akigusa breki kidogo. Hiyo nayo ilikuwako. Lakini moto wa upande mmoja una maana mbili: breki inayobana au beringi inayokufa. Fundi hakusema neno.

Ndipo likaja jaribio kubwa, ambalo kila mwenye gari anaweza kulifanya mwenyewe, wala halihitaji chombo chochote. Gari lifikishwe mwendo wa kilomita 50 kwa saa, lishikwe hapo. Kwanza dereva akanyage mafuta kidogo, gari livute. Pili, aachie mguu nusu, gari lisivute wala lisivutwe. Tatu, aachie kabisa, gari liizungushe injini lenyewe. Meno ya giya yakiwa mabovu, sauti hubadilika waziwazi katika hali hizo tatu: giya hulia zikisukuma na kunyamaza zikiachwa, au kinyume chake, maana kila hali huegemea upande wake wa jino. Tena sauti yake ni nyembamba, kama mluzi au kama mbu, kwa kuwa giya ndogo inayoliendesha gurudumu kubwa la difu huzunguka karibu mara 4 magurudumu ya gari yanapozunguka mara moja. Mvumo mzito na wa polepole hautoki huko. Ikiwa kuna kishindo, ko!, kila dereva anapokanyaga na kuachia, hapo kuna ulegevu katika viungo au kati ya meno. Na ikiwa sauti husikika gari likikata kona tu, na katika mwendo ulionyooka kimya, basi ni zile giya ndogo za ndani ya difu zinazoyawezesha magurudumu mawili kwenda mwendo mbalimbali.

Mvumo wa gari la mzee haukujali mguu wa dereva. Alikanyaga, ukawako. Aliachia, ukawako. Alitoa giya, gari likajiendea lenyewe na injini ikiwa imetulia, ukawako uleule, ukipungua tu mwendo ulipopungua. Kwa hiyo haikuwa injini wala giaboksi. Fundi akasema, "Sasa, mzee, liyumbishe polepole, kulia kisha kushoto." Gari likielekea kulia, uzito huangukia magurudumu ya kushoto, likielekea kushoto, uzito huangukia ya kulia. Lilipoelekea kulia, mvumo uliongezeka hata abiria wa nyuma akaweka mkono juu ya kiti. Lilipoelekea kushoto, ulikaribia kutoweka. Beringi ya gurudumu la nyuma la kushoto ilikuwa imejitaja yenyewe.

Hata hivyo fundi mwema huthibitisha kwa mkono kile alichosikia kwa sikio. Walirudi Jericho. Hapa pana hatari inayostahili kutajwa, maana watu wamekufa kwa ajili yake. Udongo mweusi humeza jeki. Lazima pawekwe ubao mpana na mzito chini ya jeki, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa magogo, na ekseli ikalishwe juu ya vigingi vya chuma pande zote mbili. Matofali ya matundu na mawe ya kujengea hayafai, hupasuka ghafula bila kuonya. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kuchukua spana iliyoanguka.

Magurudumu yakiwa juu, giya ikiwa imetolewa na breki ya mkono imeachiwa, fundi alizungusha kila gurudumu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akauweka juu ya springi ya upande ule. Springi hupitisha ukwaruzo mdogo ambao sikio haliusikii. Upande wa kulia ulikuwa laini. Wa kushoto ulikuwa kama kusaga mahindi. Kisha akashika gurudumu juu na chini akalitikisa: lilicheza.

Mzee aliuliza, "Basi difu ni nzima?"

"Tutaiuliza yenyewe," fundi akajibu, akalala chini na spana.

Alianza na skrubu ya kujazia mafuta, iliyo juu, si ile ya kumwagia, iliyo chini. Huo ni utaratibu usiopaswa kusahauliwa. Skrubu iliyokaa miaka mingi huenda ikakataa kabisa kufunguka. Na yule aliyekwisha mwaga mafuta, kisha akakuta mahali pa kujazia hapafunguki, ana gari lisiloweza kwenda popote. Mafuta yalitoka meusi, si ya rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo maji hayakuwa yameingia kwa wingi. Akayapitisha sumaku. Ulinata uji mwembamba wa kijivu, ambao ni wa kawaida kwa umri. Vipande vya chuma vinavyosikika kati ya vidole havikuwako.

Katika Peugeot 404 yafaa kuongeza uchunguzi mmoja zaidi, nao wengi hawaujui. Difu yake haina giya za kawaida. Ina skrubu ndefu ya chuma, mfano wa parafujo nene, inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi. Na 403 iliyoitangulia ilikuwa vivyo hivyo. Difu ya namna hiyo hunyamaza sana, hata ikichakaa. Basi sumaku peke yake haitoshi, kwa kuwa shaba haishikwi na sumaku. Mafuta yamwagwe kidogo juu ya karatasi nyeupe na kutazamwa juani: yakimeta vumbi la rangi ya dhahabu kwa wingi, gurudumu la shaba linaliwa. Na ulaji huo mara nyingine huletwa na mafuta yenyewe. Difu za magari mengine zinahitaji mafuta yenye dawa kali za salfa, yale yenye alama GL-5 juu ya debe. Lakini baadhi ya dawa hizo, zikipata moto, huila shaba. Mwenye gari la namna hii asikubali debe lolote kwa kuwa tu limeandikwa mafuta ya difu. Aulize kama hayadhuru shaba nyeusi. Ya mzee yalimeta kidogo sana. Fundi alisafisha kitundu cha hewa, kilichokuwa kimezibwa na matope makavu, akajaza mafuta mapya.

Ingekuwaje kama difu ingelionekana inalia kidogo? Jibu ni kwamba difu yenye mluzi mdogo usioongezeka, na ambayo mafuta yake hayana vipande, huenda ikatumika miaka mingi. Iachwe. Beringi ya gurudumu ni kinyume chake. Katika ekseli nyingi za zamani beringi hiyo, pamoja na pete iliyokazwa nyuma yake, ndiyo inayoizuia shafti ya pembeni isitoke nje. Beringi ikivunjika njiani, gurudumu huondoka na shafti yake na ngoma yake ya breki, na gari likiwa na watu ndani. Mwenye gari aliyetoa fedha zote kwa difu nzima na kuiacha beringi mbovu mahali pake amenunua ajali kwa bei ya pensheni.

Wako pia wasiotengeneza kitu bali hunyamazisha tu. Hila ya kale ya wauza magari, inayojulikana nchi nyingi, ni kutia unga wa mbao au grisi nzito ndani ya difu ili isilie mnunuzi akiwapo. Husemekana hata maganda ya ndizi yamewahi kutiwa. Difu iliyolishwa hivyo hukaa kimya siku chache, kisha hufa kwa kukosa mafuta. Anayenunua gari la zamani na achovye kidole katika skrubu ya kujazia kabla ya kuhesabu noti.

Kazi ya beringi ilichukua muda wa asubuhi mbili. Beringi mpya na sili mpya ya mafuta zilinunuliwa Kirinyaga Road, na mzee alibeba ile ya zamani mfukoni ili namba zilinganishwe. Ngoma ilipofunguliwa, fundi hakupuliza vumbi la breki. Alilipangusa kwa kitambaa kilicholowa, kwani viatu vya zamani vilitiwa asbesto, nayo hudhuru mapafu. Pete ya zamani ilipasuliwa kwa tindo. Kukaza beringi mpya hakukufanywa kwa nyundo. Walipeleka shafti kwenye karakana yenye presi, ikasukumwa kwa pete ya ndani, maana beringi ikipigwa kwa pete ya nje, vigololi huacha alama zilezile ambazo kutu iliziacha, na mvumo huanza upya siku ileile. Breki zilisafishwa na kupimwa. Mlipaji alilipa beringi, sili, mafuta na kazi. Difu ilibaki ileile iliyotoka nayo Ufaransa.

Fundi alimwachia maagizo ya masika mengine. Gari lisimame juu ya mbao, si juu ya udongo. Tairi zijazwe zaidi ya kawaida. Breki ya mkono iachwe, magogo yazuie magurudumu. Turubai liinuliwe pande za chini ili hewa ipite. Na kila majuma mawili gari liendeshwe nusu saa, hata lipate moto wote. Kuliwasha na kuliacha likinguruma mahali pamoja hakusaidii ekseli hata kidogo, kwa kuwa injini huzunguka na magurudumu yamelala.

Jumamosi iliyofuata mzee alishika njia ya Outer Ring, akaingia barabara ya Thika. Alipofika Juja alisimama kando, akashuka, akagusa ngoma ya kushoto kwa nyuma ya mkono, kisha ya kulia. Joto lilikuwa sawasawa. Akarudi ndani, akaendelea na safari ya Murang'a.